Pichadithi na Deni la Sigana

Wiki hii, mpenzi msomaji, tulidodose neno moja: pichadithi. Ni picha na hadithi, silabi moja ikadondoshwa ili maneno mawili yawe mwili mmoja, kama tulivyopata chajio kutokana na chakula cha jioni.

Nililikuta neno hili miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana Migori, kwenye jalada la kijitabu kilichochakaa mikononi mwa wanafunzi. Kilisimulia kisa cha Lwanda Magere, jabari wa Waluo aliyekuwa na mwili wa jiwe na nguvu zake zikikaa kivulini. Darasa lililozoea kusinzia kwenye somo la ngano liliamka. Huyu anasema dani yake alisimulia vingine, yule anabisha. Ilikuwa kazi kuwanyamazisha!

Jina linaloambatana na mfululizo wa Pichadithi ni Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya miaka ya 1960. Hakuja kuchora vibonzo. Alikuwa msanii wa rangi na mwalimu wa sanaa, na mwaka wa 1965 alikuwa miongoni mwa waasisi wa ukumbi wa sanaa wa Paa ya Paa, Nairobi. Lakini picha ya ukutani huonwa na wangapi? Mwaka wa 1973 yeye na Hilary Ng'weno wakaanzisha jarida la Joe, lililomchekesha mwananchi kwa shida zake mwenyewe. Kutoka vibonzo akaingia kwenye vitabu vya hadithi kwa picha. Alifariki mwaka wa 2015.

Wenzangu huniuliza: mgeni ana idhini gani ya kutuchorea sigana zetu? Swali ni halali, ila mimi huligeuza: wenyeji tumechora ngapi? Karibu na Kendu Bay, Homa Bay, lipo Ziwa Simbi, ambako inasimuliwa kuwa bikizee alinyimwa hifadhi na kijiji kizima kikazama. Kanyamwa yupo Gor Mahia, mganga aliyejigeuza umbo apendavyo. Migori tuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyotiwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka wa 2018.

Nami nina deni. Dani alinisimulia usiku baada ya usiku, nisiandike hata kisa kimoja. Alipofariki, nilikuwa namalizia tasnifu ya uzamifu kuhusu fasihi simulizi ya watu wengine. Wewe ambaye dani yako yu hai, chukua kalamu leo. Mchoraji atapatikana, msimulizi hangoji.