Kipimo cha pumzi: mambo ya kujua munganga akikutuma kupimwa mapafu



Katika makusanyiko yetu kuna ndugu na dada wanaokohoa miezi, hata miaka. Wengine wamepewa na munganga karatasi ya kwenda kupimwa pumzi, lakini karatasi hiyo inabaki nyumbani. Tunapowatembelea tunasikia sababu zilezile: wanaogopa maumivu, wanaogopa jibu, au jirani amewaambia kwamba wamelishwa sumu na mashine ya hospitali haiwezi kuiona. Tumeona vema kueleza kipimo hiki hatua kwa hatua, ili mtu aende akijua kinachomngoja.

Kipimo hiki ni nini

Hospitalini kinaitwa spirometria. Hakina sindano, hakitoi damu, wala si picha ya radio. Mgonjwa anapuliza ndani ya bomba, na mashine inapima mambo mawili: hewa yote anayoweza kuitoa baada ya kujaza mapafu, na sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri kwa kawaida hutoa zaidi ya sehemu 70 kwa 100 katika sekunde hiyo moja. Njia za hewa zikiwa nyembamba, pumzi hutoka polepole, kama vile watu wengi wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja mdogo. Si jambo geni: munganga Mwingereza John Hutchinson alitangaza mashine ya namna hii mwaka 1846.

Nani hutumwa

Hutumwa mtu anayedhaniwa kuwa na pumu (wengi wetu tunaiita asima), mvuta sigara, na mama aliyepika miaka mingi kwa kuni au mbabula ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Hutumwa pia mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe, na mtu aliyepona kifua kikuu lakini bado anakosa pumzi akipanda kilima. Mtoto anaweza kupimwa tangu miaka 5 au 6 hivi, akiweza kufuata maagizo.

Kabla ya kwenda

- Uliza mapema bei na saa, kwa maana mashine haipatikani katika kila kituo cha afya.
- Kama unatumia dawa ya kuvuta kwa mdomo, uliza uiache muda gani. Salbutamoli mara nyingi huachwa saa 4 hadi 6 kabla. Zile zinazofanya kazi muda mrefu, saa 12 au zaidi. Lakini pumzi ikikubana, tumia dawa yako, kisha uwaambie.
- Usivute sigara wala kufanya kazi nzito katika saa moja ya mwisho. Usile kushiba sana saa 2 kabla, na usinywe pombe.
- Vaa nguo isiyokaza kifua wala tumbo.
- Sema wazi kama siku za karibuni ulipata shambulio la moyo, ulipasuliwa jicho, kifua au tumbo, au unakohoa damu. Huenda kipimo kikaahirishwa.
- Kama kuna shaka ya kifua kikuu, makohozi hupimwa kwanza, kwa usalama wako na wa wengine.

Ndani ya chumba

Watapima urefu na uzito wako, na kuuliza umri, kwa sababu jibu lako hulinganishwa na la watu wa umri, urefu na jinsia yako. Utaketi wima, miguu chini, na pua itabanwa kwa kibanio kidogo. Utapewa kipande safi cha kuweka mdomoni. Vuta hewa mpaka kifua kijae kabisa, funga midomo vizuri kuzunguka bomba, kisha puliza kwa nguvu zote na uendelee kupuliza mpaka uambiwe uache. Kwa mtu mzima ni sekunde 6 au zaidi, na utaona ni nyingi.

Anayekupima atapaza sauti: “Puliza! Endelea! Endelea!” Hakukasirikii. Kipimo hiki kinategemea bidii yako. Ukipuliza kwa unyonge, mashine inaweza kuandika ugonjwa ambao huna. Ndiyo maana utarudia angalau mara 3, pengine hadi 8. Ukisikia kizunguzungu au kikohozi, sema, nawe utapumzika kidogo.

Mara nyingi utapewa kisha dawa ya kufungua njia za hewa, utangoja karibu dakika 15, na kupuliza tena. Panga kutumia saa moja hivi kwa yote.

Jibu linasema nini

Kama pumzi inatoka polepole, njia za hewa zimebanwa. Zikifunguka sana baada ya dawa, munganga hufikiri zaidi pumu. Zisipofunguka vizuri, anaweza kufikiri ugonjwa wa mapafu unaoletwa na moshi wa miaka mingi. Kama hewa yote ni kidogo, huenda mapafu yana makovu au hayajai vizuri, na vipimo vingine vitafuata. Jibu zuri halifuti pumu, kwa maana pumu huja na kuondoka.

Kipimo hiki hakionyeshi kifua kikuu. Aliyemaliza dawa za kifua kikuu na bado anakosa pumzi apimwe makohozi. Yakiwa safi, huenda ni makovu yaliyobaki, na kuna matunzo yake.

Usingoje mashine

Mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mwenye midomo ya rangi ya buluu, au mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akipumua, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Neno kwa makusanyiko

Tumeona jamaa zikigawanyika kwa sababu mgonjwa alikohoa na jina la jirani likatajwa. Kabla hatujasema sumu, pumzi ya mtu huyo ipimwe. Tena tusimwambie mgonjwa wa pumu atupe dawa yake ili kuonyesha imani. Shambulio moja usiku linaweza kumuua. Maombi na dawa havigombani. Wakati mwingine msaada mkubwa ni nauli, na mtu wa kumsindikiza mpaka mlango wa chumba cha kipimo. Mashemasi, ulizeni juma hili: nani kati yetu ana karatasi ambayo bado haijafika hospitali?