Mpelelezi Asomaye Fikra: Tatizo la Jina

Mwalimu wa Mkumbi, katika milima ya Mbinga, akitaka kuwasimulia wanafunzi wake riwaya ya Alfred Bester iliyopata tuzo ya kwanza ya Hugo mwaka 1953, atakwama kwenye neno moja. Shujaa wake ni mkuu wa upelelezi katika dunia ya baadaye, naye huyaona yaliyomo akilini mwa mshukiwa bila ya kumwuliza lolote. Kiingereza kina istilahi ya uwezo huo tangu mwaka 1882, alipoiunda F. W. H. Myers kwa maneno mawili ya Kiyunani, la umbali na la hisi. Sisi tumwiteje mtu huyu?

Wengi watajibu upesi: mpiga ramli. Lakini ramli asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, na mpiga ramli husoma alama alizozichora mwenyewe. Kusini tunao mfano ulio karibu zaidi, nao ni mchape. Mnamo mwaka 1933 waganga wa jina hilo waliingia kusini mwa Tanganyika kutoka Nyasaland. Audrey Richards, aliyeandika habari zao kutoka nchi ya Wabemba mwaka 1935, alieleza kwamba watu walipita mmoja mmoja nyuma ya mganga, naye akawatazama katika kioo kidogo cha mviringo apate kumtambua mchawi. Baadaye watu walinyweshwa dawa. Msemaji wa Kiswahili akisikia "chapa" hudhani kiboko. Katika Kinyanja, kilicho jirani na lugha ya watu wa Liuli na Mbamba Bay, kuchapa ni kufua. Basi jina lilishika dawa isafishayo, likakiacha kioo kifichuacho. Kazi ya kufichua haikupata jina lake.

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi, ambayo hata sasa ni Sura ya 18. Sheria hiyo inahesabu kuwa uchawi pia kule kudai tu kuwa na nguvu au maarifa ya siri. Kwa hiyo anayeloga na anayejigamba kumjua mlogaji wameingizwa katika neno moja, hali Kiswahili kimewatenga siku zote: huyu mchawi, yule mganga. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na mfasiri wa Sura ya 18 hana budi kuamua kama neno "uchawi" peke yake linatosha kuwabeba wote wawili. Mimi naona halitoshi.

Wananchi na magazeti, pasipo kungoja baraza lolote, wameshaunda istilahi bora: ramli chonganishi. Ndiyo iliyotajwa sana Januari 2015, serikali ilipowapiga marufuku waganga wa namna hiyo kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Kivumishi kile kinaitaja hatari penyewe, yaani jirani kuelekezwa kwa jirani yake pasipo ushahidi.

Neno mpelelezi, kwa upande wake, lina heshima tofauti. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alimpa kiko na akili ya kupima mambo; mzimu uliotajwa na wengine yeye hakuuchukua kuwa jawabu. Hata mpelelezi wa Bester anamjua mwuaji mapema, lakini mahakama za dunia ile hazipokei fikra zilizosomwa, naye hulazimika kutafuta vithibitisho kama askari mwingine yeyote.

Kwa sababu hiyo napendekeza mpelelezi msomafikra, na uwezo wake uitwe usomafikra. Maneno mawili yabaki mawili: la kwanza lataja kazi inayodaiwa ushahidi, la pili kipaji tu. Mwaguzi lisitumiwe hapa, maana kuagua ni pamoja na kutibu. Wingi wake ni wapelelezi wasomafikra.