Parseli moja, wapangaji mamia: historia ya kufuli za skripti kwenye seva za pamoja

Kuanzia Panzi hadi Nyantende, kwenye barabara inayoelekea Nyangezi, wakaaji wanayajua vizuri maisha ya parseli moja yenye familia nyingi. Mlango wa nje ni mmoja, robine ni moja, kaunta ya SNEL ni moja. Mpangaji mmoja akiwasha reshoo ya umeme, wote wanabaki gizani. Mmoja akisahau kufunga mlango wa nje usiku, mwizi anaingia kwa wote. Ndiyo sababu mwenye nyumba anaweka masharti, na ndiyo sababu wapangaji wanayalalamikia.

Tovuti ndogo za shule, za vyama na za radio za kwetu zinaishi namna hiyo. Chama chenye bajeti ndogo hakiwezi kulipa seva nzima peke yake. Kinapanga nafasi kwenye seva ya pamoja, ambayo pengine iko Ufaransa, Ujerumani au Marekani. Hata jina la tovuti likiishia na .cd, hilo ni jina tu. Nyumba yenyewe inaweza kuwa ng'ambo. Ndani ya seva moja wanakaa mamia ya wapangaji wasiojuana: muuza viatu, kanisa, mwanafunzi, na wakati mwingine mhalifu.

Siku moja kijana anayeshughulikia tovuti ya chama anaweka skripti, yaani programu ndogo ya kutuma barua au kupokea picha, na seva inamjibu kwamba jambo hilo limekatazwa. Anafikiri kampuni inamwonea. Kumbe nyuma ya katazo hilo kuna historia ya miaka zaidi ya thelathini.

Mlango bila mlinzi

Mwaka 1993, mwaka ule ule Radio Maendeleo ilipoanzishwa Bukavu, mafundi wa kituo cha NCSA kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitengeneza utaratibu ulioitwa CGI. Kabla ya hapo, ukurasa wa tovuti ulikuwa kama tangazo lililobandikwa ukutani: unasoma, unaondoka. Kwa CGI, msomaji aliweza kuandika kitu, na programu ndani ya seva ikamjibu.

Hapo hatari ilianza. Mgeni asiyejulikana alipewa nafasi ya kuiamrisha programu iliyo ndani ya nyumba. Mfano unaokumbukwa ni phf, programu ndogo ya kutafuta majina na anwani, iliyotolewa pamoja na seva za wakati huo. Mwaka 1996 onyo lilitangazwa: mtu akiongeza alama fulani katika ombi lake, phf ilitekeleza amri yoyote aliyoandika. Wadukuzi wengi waliitumia kuomba faili lenye orodha ya watumiaji wa seva.

Kufuli iliyowekwa mahali pasipofaa

Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitangaza PHP, lugha rahisi ya kuandikia skripti. Toleo la tatu lilitoka mwaka 1998, na kampuni za kupangisha zikaipenda kwa sababu ilikuwa ya bure na nyepesi. Lakini ilikuwa na tatizo moja kubwa. Mara nyingi skripti za wapangaji wote zilifanya kazi kwa jina la mtumiaji mmoja, yaani seva yenyewe. Ni kama parseli ambapo ufunguo mmoja unafungua vyumba vyote. Skripti ya mpangaji wa chumba cha kwanza iliweza kusoma faili la mpangaji wa chumba cha kumi, pamoja na neno la siri la hazina yake ya data.

Jibu la watengenezaji wa PHP liliitwa safe_mode. Sheria yake ilikuwa hii: skripti isifungue faili isipokuwa mwenye skripti na mwenye faili ni mtu yule yule. Pia ilizuia skripti kuendesha programu nyingine za seva ovyo.

Watengenezaji wenyewe hawakuficha udhaifu wake. Katika kitabu cha maelekezo cha PHP waliandika wazi kwamba si sawa kutatua tatizo hilo ndani ya lugha. Kazi hiyo ni ya seva na ya mfumo wa mashine. Walikubali tu kwamba kampuni nyingi zilikuwa zinaitumia kwa kuwa njia nyingine hazikuwa rahisi wakati huo. Kwa maneno mengine, kufuli ilitundikwa kwenye pazia kwa sababu ukuta ulikuwa ghali.

Matokeo yake yaliwachosha watu wema kuliko wezi. Mpangaji akipakia picha kupitia skripti yake, picha ilihesabiwa kuwa mali ya seva, si mali yake. Kesho yake safe_mode ilimkataza kugusa picha yake mwenyewe. Kwa hasira, wengi waliweka ruhusa 777 kwenye folda zao, maana yake kila mtu asome, aandike na afute. Kufuli ikamfundisha mwenye chumba kuacha mlango wazi.

Jirani anapolala mlango wazi

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2004, mdudu wa kompyuta aliyeitwa Santy alishambulia tovuti za mijadala zilizotumia skripti ya phpBB. Alitafuta waathirika wake kupitia Google, kisha akaandika juu ya kurasa zao. Makumi ya maelfu ya tovuti yaliharibika, mpaka Google ikaanza kuyazuia maombi yake.

Mwaka 2011 ikawa zamu ya TimThumb, skripti ya kupunguza ukubwa wa picha iliyokuwa ndani ya mapambo mengi ya WordPress. Ilikubali picha kutoka tovuti chache zilizoaminiwa, kama blogger.com. Lakini ilitazama tu kama jina hilo limo ndani ya anwani. Mwizi alitengeneza anwani ndefu yenye jina hilo katikati, na mlango ukafunguka.

Karibu na kwetu, mwezi wa kwanza mwaka 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya zilivamiwa kwa mkupuo mmoja na mtu aliyejitambulisha kuwa mdukuzi wa Indonesia. Tovuti nyingi zikianguka pamoja namna hiyo, swali la kwanza la fundi ni moja: zilikuwa zinaishi nyumba gani?

Kila mmoja na ukuta wake

Kuta za kweli zilijengwa polepole. Mwaka 1997 seva ya Apache ilileta suEXEC, chombo kinachoendesha programu za CGI za kila mpangaji kwa jina lake mwenyewe. Mwezi wa tatu mwaka 2000, mfumo wa FreeBSD ulileta "jela", iliyobuniwa na Poul-Henning Kamp wa Denmark. Aliyeiomba alikuwa mwenye kampuni ya kupangisha tovuti, aliyetaka kila mteja afungiwe katika eneo lake. Baadaye mifumo ya Linux nayo ilipata njia za kumtenga mpangaji na kumpimia kiasi cha nguvu za mashine.

Kuta ziliposimama, pazia halikuhitajika tena. Safe_mode ilitangazwa kuwa ya kuachwa mwaka 2009 katika PHP 5.3, na ikaondolewa kabisa mwaka 2012 katika PHP 5.4. Yaliyobaki hadi leo ni makatazo kama open_basedir, inayomzuia mpangaji kutoka nje ya folda zake, na disable_functions, inayofunga amri hatari kama exec na system. Hayo ndiyo kijana wa chama anayakuta. Hayakuwekwa kwa ajili yake peke yake. Yanamlinda pia yeye dhidi ya jirani asiyemjua.

Kazi ya mpangaji

Ukuta wa mwenye nyumba hauzuii mwizi kuingia kupitia dirisha la mpangaji mwenyewe. Chama au radio inayotaka kupanga inafaa kuuliza kwanza: je, kila mteja anatengwa na wenzake? PHP ni ya toleo gani, na bado inapata marekebisho? Nakala za akiba zinawekwa wapi? Kisha ifanye sehemu yake: isasishe skripti zake, ifute zile isizotumia, na isiweke kamwe ruhusa 777.

Nakala iliyowekwa kwenye seva ile ile inaungua pamoja na nyumba. Katika Kivu, ambako vita vimekwisha kuteketeza karatasi za watu wengi, tovuti ya chama inaweza kuwa mahali pekee palipobaki picha za mkutano fulani, sauti ya mzee aliyekufa, au orodha ya wanafunzi wa mwaka fulani. Diski moja ndogo iliyofungwa ndani ya kabati, ikijazwa upya kila mwisho wa mwezi, inatosha kuvirudisha vyote siku jirani asiyejulikana atakapoacha mlango wazi.