Homa, Inyonko na Paludisme: Historia ya Lugha ya Chumba cha Tiba Buterere, Bujumbura

Buterere iko kaskazini mwa Bujumbura, katika uwanda wa Rusizi, jirani na uwanja wa ndege. Ni ardhi tambarare ambayo maji hayana haraka ya kuondoka. Hapo ndipo yalipojengwa mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji, yaliyokuwa yakisimamiwa na shirika la SETEMU, na hapo ndipo taka za jiji zimemwagwa kwa miaka mingi. Mafuriko ya Februari 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60 katika vitongoji vya kaskazini, yaliikumba Buterere pamoja na Kamenge na Kinama. Hadi wakati huo ilikuwa komini kamili, moja kati ya 13 za jiji. Baada ya mageuzi ya utawala ikawa zoni ndani ya komini ya Ntahangwa. Kwa mganga wa ngazi ya msingi, maelezo hayo ya jiografia ni sawa na orodha ya magonjwa: malaria, kuhara, minyoo, vikohozi vya watoto, na kila baada ya muda kipindupindu.

Makala haya yanahusu jambo moja katika tiba ya eneo la namna hiyo, nalo ni maneno yanayopita kati ya mgonjwa na anayemhudumia. Yanajaribu kuonyesha jinsi mazungumzo hayo yalivyopata lugha tatu, na kwa nini tafiti nyingi za utendaji wa kila siku wa tiba ya familia haziwezi kuyaona.

Tafiti hizo si chache. Mwaka 1976 Byrne na Long, huko Uingereza, walichapisha uchambuzi wa mazungumzo takriban 2,500 ya madaktari wa familia yaliyorekodiwa kwenye kanda. Mwaka 1984 Beckman na Frankel, nchini Marekani, walieleza kwamba daktari humkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tu tangu aanze kueleza kilichomleta. Mwaka 2017 Irving na wenzake walikusanya taarifa za muda wa kumwona mgonjwa kutoka nchi 67: Bangladesh sekunde 48, Uswidi dakika 22 na nusu. Ni kazi zenye thamani, na zimebadilisha mafunzo ya udaktari. Hata hivyo, saa na kanda zilipowekwa mezani, swali la lugha lilihesabiwa kuwa limekwisha jibiwa. Mgonjwa alikatizwa, lakini alikatizwa katika lugha yake.

Tofauti ya pili ni ya mtu mwenyewe anayetibu. Tiba ya familia kama fani ya ubingwa ni changa katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Moi nchini Kenya kilianza kufundisha madaktari wa fani hiyo mwaka 2005. Katika kituo cha afya cha Burundi, kazi ambayo vitabu humpa daktari wa familia hufanywa na muuguzi. Ndiye anayeijua nyumba, ndiye anayemwona bibi, binti na mjukuu asubuhi moja, na ndiye anayeamua nani apelekwe hospitali. Wagonjwa humwita umuforoma, neno ambalo Kirundi kililitohoa kutoka Kifaransa, au humwita umuganga bila kujali cheti chake. Utafiti unaotafuta daktari wa familia Buterere utarudi mikono mitupu, ilhali tiba ya familia inafanyika hapo kila siku.

Tezi za shingo na lugha ya kituo

Lugha ya kwanza ya kigeni kuingia katika tiba ya serikali kwenye ufuko huu haikuwa Kifaransa. Wajerumani walipojenga kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na Kiswahili, lugha ya utawala wa koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na walikikuta kimekwisha tangulia pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji. Ugonjwa wa malale ulipothibitishwa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kampeni iliyoanzia Ziwa Victoria, alikofanya kazi Robert Koch mwaka 1906 na 1907, ilienezwa hadi bonde la Imbo. Mwanahistoria Mari Webel ameichambua kampeni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2019. Kambi za tiba zilijengwa, vichaka vya pwani vilifyekwa ili mbung'o akose kivuli, na wasaidizi Waafrika walifundishwa kupapasa tezi za shingo za watu vijijini ili kuwabaini wenye ugonjwa.

Yafaa kumtazama msaidizi huyo kwa makini, kwa kuwa ndiye mzazi wa muuguzi wa leo. Alisimama kati ya daktari Mjerumani na mwenyeji wa Imbo, akipokea amri kwa Kiswahili cha kituo na kuifikisha katika lugha ya nyumbani. Kazi yake haikuhitaji mgonjwa aseme lolote. Kidole kwenye shingo kilitosha. Dawa iliyotumika, atoksili, ilikuwa na athari kali, na baadhi ya waliopewa na Koch kwa dozi kubwa walipofuka. Watu wa ziwani walijifunza kuitumia kambi ilipowafaa na kuikwepa ilipowatisha. Tabia hiyo mara nyingi huitwa ukaidi katika taarifa za kikoloni. Webel anaisoma vizuri zaidi: watu walikuwa wakipima gharama na faida ya tiba kwa vipimo vyao wenyewe. Kilichokosekana ni njia ya vipimo hivyo kumfikia daktari.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, Kiswahili kilianza kusogezwa pembeni. Wamisionari wengi Wakatoliki walikiona kuwa lugha ya Uislamu na ya biashara, wakaijenga shule juu ya Kirundi kwa watoto wa chini na Kifaransa kwa wateule wa juu. Mjini, Waswahili walipewa mtaa wao, Buyenzi, ambao hadi leo ndio kitovu cha Kiswahili Bujumbura. Wasaidizi wa tiba wa ngazi ya juu walifundishwa Astrida, ndiyo Butare ya baadaye, katika shule iliyoanzishwa mwaka 1929 na Mabruda wa Upendo. Walifundishwa kwa Kifaransa. Hapo ndipo uzi ulipokatika. Msaidizi wa Wajerumani alikuwa amejifunza tiba katika lugha ambayo mvuvi wa ziwani aliweza kuidokoa sokoni. Msaidizi wa Astrida alijifunza tiba katika lugha ambayo mgonjwa wake hakuwa na mahali pa kuisikia.

Kifaransa cha rejesta

Uhuru wa mwaka 1962 haukugeuza mpangilio huo. Muuguzi wa Buterere husikiliza kwa Kirundi, na kwa baadhi ya wagonjwa kwa Kiswahili, kisha huandika kwa Kifaransa. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hufundishwa shuleni bila hadhi hiyo, ingawa Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Jumuiya yenyewe ilikipa Kiswahili hadhi rasmi mwaka 2021.

Kwa muda mrefu tofauti kati ya usemi na maandishi ilikuwa jambo la wataalamu wa lugha peke yao. Sera za karne hii zimeifanya kuwa jambo la fedha. Mwaka 2002 Burundi ilianza kuwatoza wagonjwa gharama halisi za matibabu. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Mwezi Mei mwaka huohuo serikali ilitangaza tiba bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Foleni zikajaa. Ndipo ulipokuja utaratibu wa kuvilipa vituo kwa kadiri ya huduma zilizotolewa, ulioanza kwa majaribio mwaka 2006 na kuenea nchi nzima mwaka 2010.

Igna Bonfrer na wenzake waliochunguza matokeo ya utaratibu huo, katika makala zilizotoka mwaka 2014, walikuta kwamba kujifungulia katika vituo kuliongezeka na alama za ubora zikapanda, lakini faida iliwaelemea zaidi wasio maskini. Matokeo hayo yamenukuliwa sana katika mijadala ya sera, na ni haki yake. Lakini chini ya mfumo wenyewe iko rejesta. Kituo hulipwa kwa kile kilichoandikwa na kuhakikiwa, na kilichoandikwa ni tafsiri. Mhakiki anaweza kuthibitisha kwamba mtoto fulani alipimwa na kupewa dawa. Hawezi kuthibitisha kwamba neno alilosema mama ndilo lililoingia katika safu ya ugonjwa, wala kwamba maelekezo ya dawa yalirudi kwa mama yakiwa kamili.

Neno moja na magonjwa mengi

Ushahidi kwamba jambo hili linagharimu maisha upo, na umetoka pwani ya Kiswahili chenyewe. Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake walichapisha utafiti juu ya majina ya magonjwa ya homa wilayani Bagamoyo, Tanzania. Waligundua kwamba kile ambacho mhudumu wa zahanati alikiita malaria, wanakijiji walikigawa katika magonjwa kadhaa. Palikuwa na homa ya malaria, iliyokubaliwa kuwa ya hospitali na ya mbu. Palikuwa na homa za vipindi. Na palikuwa na degedege, mtukutiko wa mtoto mdogo, uliohusishwa na nguvu nyingine na kupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Malaria kali, ile inayoua, ndiyo iliyokuwa haiitwi malaria. Mafunzo ya afya yaliyosema kwamba malaria huletwa na mbu yalieleweka barabara, na kwa sababu hiyohiyo hayakumfikia mtoto mwenye degedege.

Bagamoyo ilikuwa na lugha moja. Buterere ina tatu, na mipaka yake haikutani. Inyonko ya Kirundi hutumika kwa malaria na pia kwa homa inayofanana nayo. Homa ya Kiswahili ni dalili na ni ugonjwa kwa wakati mmoja. Huweza hata kuwa mafua. Kifaransa kinatenganisha kabisa: joto la mwili ni fièvre, ugonjwa ni paludisme, na fomu ya kituo ina nafasi tofauti kwa kila kimoja. Mama akisema kwa Kiswahili kwamba mtoto ana homa tangu juzi, muuguzi analazimika kuamua, kabla hajashika kipimo, kama mama ameleta dalili au amekwisha toa hukumu yake juu ya ugonjwa. Kipimo cha haraka cha malaria kimepunguza makosa kwa sehemu moja, na kimeyahamishia kwingine. Kipimo kikikanusha malaria, neno la mama halijakanushwa. Mtoto bado ana homa, na mama anayeambiwa kwamba hana inyonko anaweza kusikia kwamba anaambiwa mtoto haumwi.

Wazungumzaji wa Kiswahili katika vitongoji vya kaskazini si wageni wa kupita. Bujumbura ina wakimbizi wa Kongo waliofika na Kiswahili cha Kivu, na ina Warundi waliorudi kutoka Tanzania. Waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao waliishi miongo kadhaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, katika nchi iliyozungumza afya kwa Kiswahili: kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu takriban milioni mbili katika vikundi vya kusoma, na mwaka 2003 TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, maelfu wengine walivuka mpaka. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo anayo misamiati ya presha, kisukari na chanjo katika Kiswahili, na pengine Kirundi cha nyumbani tu kwa mambo mengine. Huyo si mgonjwa asiyeelewa mambo ya afya. Ameyaelewa katika lugha ambayo rejesta haiijui.

Milipuko ya hivi karibuni imeliweka suala hili wazi. Kipindupindu kilichotangazwa tarehe 1 Januari 2023 kilihusu wilaya za afya za Bujumbura Kaskazini na Isare, na mwezi Julai 2024 Bujumbura Kaskazini ikawa tena miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuthibitishiwa mpox. Kipindupindu kina bahati ya jina: linaeleweka mara moja, na dalili yake haifichiki. Mpox haina bahati hiyo. Vyombo vingi vya habari vya Kiswahili vimeiita homa ya nyani. Alama yake kuu ni upele, lakini jina linamwelekeza msikilizaji kwenye joto la mwili, na katika kitongoji ambako karibu kila mtoto ana homa katika msimu wa mvua, anayesubiri homa ya nyani huenda asiutazame mkono wenye vipele. Bado haijawekwa safu katika rejesta ya kituo ya kuandika lugha ambayo mgonjwa alizungumza, wala neno alilolitumia kabla halijatafsiriwa.