Shuka za nyumba ya kukodisha kwa siku: nani anafua, na namna gani

Katika mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi mjini Goma, nyumba ya kukodisha kwa siku inaweza kuharibika jina kwa sababu ya shuka tu. Bomba likikauka, maji yanafika kwa bidoni za litre 20 kwenye chukudu, na mgeni mwingine tayari yuko njiani.

Hesabu inayosaidia ni seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, ya pili kwenye kamba, ya tatu kabatini. Shuka nyeupe inavumilia javel. Ya rangi inapauka. Javel haichanganywi hata kidogo na asidi ya kusafishia choo, juu inatoa hewa ya sumu. Kamba ifungwe mbali na ukuta wa mawe ya volkano, juu vumbi nyeusi inashika nguo yenye maji.

Kuna pia afya ya mama anayefua. Mpox, ambayo OMS iliitangaza kuwa hatari ya kimataifa tarehe 14/8/2024, inaweza kupita kwa shuka za mgonjwa. Basi shuka hazikung'utwi: zinakunjwa polepole, zinatiwa ndani ya mfuko, halafu zinafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, mikono ikiwa na gant za mpira.

Malipo yapatanwe mbele: ni kwa mwezi ao kwa kila mgeni anayetoka, na nani ananunua maji na sabuni. Shuka zihesabiwe mbele ya mgeni kuondoka na kuandikwa katika daftari. Bila hiyo, mama anakatwa feza juu ya shuka ambayo mgeni ndiye aliibeba.