"Borrow" na "lend": maana, asili na matumizi sahihi

Kalangalala na kata nyingine za hapa Geita, watu tunaishi kwa kusaidiana. Leo jirani anaazima toroli, kesho anaazima plau. Mwenye duara akiishiwa fedha ya mafuta ya pampu, anakopa kwa mwenzake na kulipa mawe yakishasagwa. Kwa Kiswahili mambo haya hayatupi shida. Shida huanza makubaliano yanapoandikwa kwa Kiingereza, au mtoto wa kidato cha kwanza anapotakiwa kuyasema kwa lugha hiyo darasani. Hapo neno "borrow" linaweza kumgeuza mdai akawa mdaiwa.

Maana yake

"Borrow" ni kuchukua kitu cha mtu kwa ruhusa yake, kwa ahadi ya kukirudisha. Anayefanya tendo hili ni yule anayepokea. Upande wa pili unaitwa "lend": kumpa mtu kitu chako akitumie, kisha akurudishie. Anayefanya tendo hili ni yule anayetoa. Kumbuka hivi: "borrow" ni mkono unaopokea, "lend" ni mkono unaotoa.

Kwa nini tunakosea

Kiswahili kinaangalia kitu chenyewe. Ukichukua jembe, umeazima, maana utarudisha jembe lilelile. Ukichukua fedha au debe la mahindi, umekopa, maana ulichochukua utakitumia na kurudisha kingine cha kiasi hicho. Kiingereza hakijali tofauti hiyo. Jembe, fedha na mahindi, vyote ni "borrow". Kinachoangaliwa ni nani anatoa na nani anapokea.

Sasa, neno letu "kuazima" linakwenda pande zote mbili. Tunasema "niazime jembe", na pia "nimeazima jembe kwa jirani". Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kusema "niazime kalamu yako" anaandika "Borrow me your pen." Hilo ni kosa. Sahihi ni "Lend me your pen." Si sisi peke yetu tulio na neno la namna hii. Wajerumani wana neno "borgen", nalo hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea.

Asili yake

"Borrow" limetokana na neno la Kiingereza cha kale, "borgian", lenye undugu na hilo la Kijerumani. Neno hilo lilihusiana na dhamana au rehani: kitu au mtu aliyewekwa kuthibitisha kwamba deni litalipwa. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilibeba ahadi ya kurudisha. "Lend" nalo lilikuwa "lænan" zamani, bila herufi "d". Herufi hiyo iliongezeka baadaye.

Matumizi sahihi

"Borrow" hufuatwa na kitu, kisha "from" na jina la mwenye kitu:
– I borrowed a hoe from my neighbour. (Niliazima jembe kwa jirani yangu.)
– English borrowed the word "safari" from Swahili. (Kiingereza kilikopa neno "safari" kutoka Kiswahili.)

"Lend" hufuatwa na kitu, kisha "to" na jina la anayepewa. Unaweza pia kumtaja mtu kwanza, bila "to":
– I lent a hoe to my neighbour.
– I lent my neighbour a hoe.
Zote mbili maana yake ni: nilimwazima jirani yangu jembe.

Kwa wakati uliopita, "borrow" huwa "borrowed", na "lend" huwa "lent". Usiandike "lended".

Angalia pia kwamba kama unalipia matumizi ya pampu au toroli kwa siku, hujaazima, umekodi. Hapo tumia "hire", siyo "borrow".

Pale kosa linapogharimu

Chukulia umemkopesha mchimbaji mwenzako shilingi 200,000, nawe ukaandika kwenye karatasi: "I borrowed him 200,000 shillings." Ulitaka kusema umemkopesha. Lakini neno ulilotumia ni la mtu anayepokea. Ukibadilisha "him" kuwa "from him", karatasi inasema wazi kwamba wewe ndiwe uliyekopa. Siku mkikosana, karatasi uliyoiandika ikulinde itakuwa imekugeuka.

Sentensi sahihi ni "I lent him 200,000 shillings." Yeye naye ataandika: "I borrowed 200,000 shillings from him." Sentensi hizi mbili zinasema jambo moja, kila mtu kwa upande wake.

Ukiwa na shaka, andika kwa Kiswahili. Makubaliano ya Kiswahili ni makubaliano kamili, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Taja mkopeshaji ni nani, mkopaji ni nani, kiasi gani, na lini kitarudishwa. Mkiletewa karatasi ya Kiingereza, kabla ya kutia saini au dole gumba tafuteni "borrow" na "lend" zilipo, kisha ulizeni: hapa nani anatoa, na nani anapokea? Kama jibu haliko wazi, msisaini kwanza.