Ngazi ya Mpira

Mpira ni ngozi iliyojaa upepo tu. Taratibu ndiyo iufikishayo mbali. Chama cha mpira cha Tanganyika kilianzishwa mwaka 1930. Mwaka 1945 timu ya nchi iliingia kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji wa sabuni, ambalo Kenya na Uganda waligombea tangu 1926. Na mwaka 1949 ikalitwaa. Mwaka 1964 chama kikapokewa katika FIFA, shirikisho la dunia nzima, na mwaka 1965 ligi ya taifa ikaanza.

Je, hayo yatuhusu nini sisi wa Njombe na Makambako, tukaao kwenye baridi, mbali na pwani? Yatuhusu sana, maana chama kiliweka ngazi: ashindaye wilayani hupanda mkoani, na wa mkoani hupanda juu zaidi. Kwa ngazi hiyo Njombe Mji ilifika Ligi Kuu mwaka 2017, hata Simba na Yanga wakaja kucheza Sabasaba.

Mwaka 2018 ikashuka, nasi tukahuzunika. Lakini mpanda ngazi hushuka, na sheria iliyotupandisha ndiyo iliyotushusha. Basi tusiilaumu ngazi. Tuwafundishe vijana kuipanda tena.